Skimu Imepasuka? Usikimbilie Kumlaumu Muuza Saruji



Leo siandiki juu ya mnyauko wa migomba wala bei ya mnada. Naandika juu ya swali ambalo kila mwaka, kuanzia Agosti mpaka karibu na Krismasi, naulizwa mara nyingi kuliko hata la mbolea. Tukimaliza kikao cha wakulima mtu ananivuta pembeni: "Afisa, nimepiga skimu mwezi uliopita. Sebuleni imepasuka kama utando wa buibui, na chini kule inabanduka vipande vipande. Hii saruji ya siku hizi si ni feki?"

Utaniuliza, bwana shamba na skimu wapi na wapi? Nakujibu hivi: fedha inayolipia hiyo skimu imetoka kwenye kibanja. Ukirudia sebule moja mara mbili, umekula samadi ya mwaka huu, miche uliyotaka kuipanda na sehemu ya ada ya mtoto. Zaidi ya hapo, nyufa zikiwa kwenye chumba unachowekea mahindi na maharage, dumuzi na bungua hujificha humo mkishamaliza kufagia, kisha hurudi kwenye gunia jipya. Kwa hiyo ukuta ni jambo langu pia.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaoupinga: mara nyingi saruji haina kosa. Kosa ni haraka, na haraka hiyo tunainunua sisi wenye nyumba kwa fedha yetu wenyewe.

Tazama kalenda yetu. Robusta tunaichuma kuanzia Mei na kuendelea, fedha inaingia wakati wa kiangazi cha Juni mpaka Agosti na baada yake kidogo. Kila mtu anataka kumaliza nyumba kwa wakati mmoja. Fundi mmoja wa hapa Nshambya anashika kazi Kashai, nyingine Hamugembe, nyingine Kemondo, zote wiki hiyo hiyo. Jua linawaka, upepo wa ziwani unavuma mchana kutwa, na ukuta haujaguswa na tone la maji tangu mvua za masika ziishe. Katika hali hiyo ndipo tunapopaka tabaka jembamba la milimita 2 au 3 na kutegemea lishike.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Saruji haikomai kwa kukauka. Inakomaa kwa kunywa maji. Maji yakikaa ndani yake kwa siku kadhaa, punje zake zinaungana na kuwa jiwe. Maji yakiondoka mapema, kazi inakwatika katikati, na kinachobaki ukutani ni unga ulioshikana kidogo tu. Ndiyo maana ukipitisha kiganja kwenye skimu ya namna hiyo unabaki na vumbi jeupe au la kijivu, hata kama ulinunua saruji bora kuliko zote mjini.

Maji hayo yana wezi wawili. Jua na upepo ni mwizi wa nje, huyo kila mtu anamjua. Mwizi wa ndani ni ukuta wenyewe. Chukua tofali la kuchoma lililokauka, limwagie kikombe cha maji, uone yanavyopotea. Sasa fikiria ukuta mzima wa matofali kama hayo ukinyonya maji ya tabaka lenye unene wa ganda la ndizi. Kabla fundi hajafika kona ya pili, skimu ya kona ya kwanza imeshakufa. Itasimama ukutani wiki mbili tatu kwa sababu haijaguswa, halafu mtoto akiegemeza baiskeli inaanguka.

Kwa hiyo ukuta unamwagiwa maji jioni ya siku iliyotangulia, vizuri kabisa, kisha tena asubuhi. Fundi anaanza ukiwa na unyevu lakini haung'ai. Ukiung'aa maji, subiri, kwa sababu ukuta ulioshiba kupita kiasi haushiki chochote, skimu inateleza juu yake. Anza upande wenye kivuli na ulifuate jua, si likufuate wewe. Kesho yake, tabaka likishakuwa gumu kiasi cha kutochimbika kwa kucha, nyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Ukuta wa nje unaopigwa na jua utundikie turubai au magunia yaliyolowa. Hapo nazungumzia lipu na skimu ya saruji. Ya jipsamu ina sheria zake, nitaifikia.

Naomba uhesabu gharama ya hizo siku 7. Ni madumu ya maji na kijana mmoja wa kuyanyunyiza. Mzee mmoja jirani yangu alikataa kulipa siku hizo, akaniambia, "Mwanangu, nimlipe mtu kwa kumwagia ukuta maji kama kitalu?" Nikamjibu, shikamoo mzee, ndiyo, kama kitalu. Mche wa kahawa uliopandwa leo humwachi juani bila kivuli. Hakukubali. Mwaka huo huo alilipa fundi wa pili kukwangua kuta tatu na kuanza upya.

Na hapa ndipo ninapowatetea mafundi, ingawa si wote. Tunapatana na fundi bei ya nyumba nzima, tena tunamshusha mpaka chini kabisa, halafu tunashangaa anapomaliza kwa siku tatu. Atafanya nini? Bei hiyo haina siku ya kuosha ukuta, haina siku ya kuloanisha, haina siku za kusubiri lipu ikomae. Ukitaka kazi ya subira, weka subira kwenye mapatano: andika kwamba fundi atarudi, na bakiza sehemu ya malipo mpaka mwezi upite. Fundi mzuri hatakataa. Anayekataa kabisa amekuambia jambo muhimu kabla hujapoteza hata senti.

Tuje kwenye kuusoma ukuta, kwa sababu nyufa si za aina moja na dawa yake si moja.

Gonga kwanza. Tumia kifundo cha kidole au sarafu, pita ukuta wote. Ukisikia sauti ngumu, hapo pameshika. Ukisikia sauti ya debe tupu, hapo skimu au lipu imeachana na ukuta hata kama kwa macho inaonekana nzima. Weka alama ya chaki kuzunguka sehemu hizo. Ukimaliza utaona ramani ya tatizo lako. Kama madebe yote yako sentimita 50 za chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Kama yako juu ya linta na kwenye nguzo za zege, fundi alipaka juu ya zege laini bila kulichokoa. Kama yametapakaa kila mahali, ukuta ulikuwa na vumbi, ukungu, au chokaa ya zamani ambayo haikukwanguliwa. Jikoni kwetu kuna moshi wa miaka mingi. Masizi yana mafuta, na hakuna skimu inayoshika mafuta.

Nyufa nyembamba zinazofanana na utando wa buibui, zisizoingiza hata ukucha, ni za kukauka haraka au za saruji nyingi mno. Watu hudhani saruji ikizidi ndipo ukuta unakuwa imara. Sivyo. Saruji ikizidi, tabaka linasinyaa zaidi linapokauka, na kwa kuwa limeshikwa na ukuta haliwezi kusinyaa bila kupasuka. Mchezo mwingine unaoleta utando huo ni ule wa kurushia saruji kavu juu ya lipu mbichi ili mwiko uteleze na ukuta ung'ae. Wengine huita kupiga niru, lakini niru ya kweli inakorogwa kwa maji kwanza. Unga mkavu unafyonza maji ya juu na kutengeneza ngozi ngumu juu ya mwili laini. Ngozi hiyo lazima ipasuke.

Ufa ulionyooka unaofuata linta kutoka upande hadi upande ni wa zege na tofali kutanuka na kusinyaa tofauti. Hapo hata ukipaka mara kumi utarudi. Kata lipu kwa upana wa kiganja kila upande wa kiungo, pigilia wavu wa kuku, kisha upake upya.

Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, au unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, huo si wa skimu hata kidogo. Nitausemea peke yake baadaye.

Mchanga. Hapa fedha nyingi inapotea kimya kimya. Wengi wetu tunapokea lori au toroli la mchanga kwa kuangalia rangi tu. Fanya hivi: chukua chupa ya maji isiyo na rangi, jaza mchanga mpaka karibu nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache imetulia saa tatu. Mchanga utakaa chini, na udongo utakaa juu yake kama tabaka laini. Tabaka hilo likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe. Udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nao ndio unaoleta nyufa nyingi tunazoisingizia saruji. Kuhusu mchanga wa ufukweni, ziwa letu ni la maji baridi kwa hiyo chumvi si shida kama kule Tanga au Mtwara, lakini mchanga mwingi wa pale ni laini na punje zake zinalingana, hivyo hazishikani vizuri. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usinunue tatizo la watu wawili kwa mpigo.

Kipimo: mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Kwa lipu ya ndani, saruji moja kwa mchanga tano, mfuko mmoja unachukua ndoo 9 hivi za mchanga. Pima kwa ndoo, si kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mtu akiwa amechoka si sawa. Koroga kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja na nusu. Lipu iliyoanza kukaza, ukiiongezea maji ili ilegee, umeifufua kwa macho tu. Na usipake zaidi ya milimita 15 kwa mkupuo mmoja. Ukuta uliopinda unasawazishwa kwa matabaka mawili, la kwanza likwaruzwe likiwa bichi ili la pili lipate pa kushika.

Sasa jipsamu. Inapendeza, inang'aa, inakauka upesi, na vijana wakirudi kutoka Mwanza au Dar es Salaam wanaitaka. Siipingi ndani ya nyumba kavu. Lakini Bukoba si Dodoma. Hapa mjini tunapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na jipsamu ikilowa inalainika. Nje ya nyumba isitumike. Bafuni isitumike. Chini ya ukuta usio na nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi, isitumike. Juu ya lipu ya saruji ya wiki iliyopita pia isitumike, kwa sababu lipu hiyo bado inatoa maji yake. Ipe angalau siku 28. Baadhi ya mafundi huchanganya jipsamu na saruji kwenye beseni moja ili ishike haraka kisha iwe ngumu. Mahali pakavu panaweza kuvumilia. Mahali penye unyevu, vitu hivyo viwili vinaendelea kushambuliana ndani ya ukuta, vinavimba, na skimu inasukumwa nje kama mkate ulioumuka. Kama fundi wako anafanya hivyo kwenye ukuta wa nje, msimamishe.

Kwa wenye nyumba za matofali mabichi au za fito na udongo, nina neno ambalo halitapendwa. Usipige lipu ngumu ya saruji moja kwa moja juu ya udongo. Kanuni ni moja tangu ukuta hadi tabaka la mwisho: la juu lisiwe gumu kuliko la chini. Udongo unacheza kila msimu, saruji haichezi. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo, yanakaa nyuma ya saruji, yanalainisha tofali, na siku moja kipande kikubwa kama mlango kinadondoka pamoja na udongo wake. Lipu ya udongo wenye mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ikapakwa chokaa juu, inaweza kukutunzia ukuta huo ukiirekebisha kila kiangazi, mradi paa lako limetokeza vya kutosha. Babu zetu walijenga msonge ambao nyasi zake zilishuka mpaka karibu na ardhi. Walijua mvua ya hapa. Sisi tumeinua kuta, tumekata paa fupi ili bati litoshe, kisha tunashangaa ukuta unalia.

Ndiyo maana nikiulizwa fedha ianze wapi, nasema ianze na paa kutokeza, kisha mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi, kisha lipu nzuri. Skimu ije mwisho, au isije kabisa. Nyumba yenye lipu iliyopigwa sponji vizuri na kupakwa rangi si nyumba ya maskini. Tumejidanganya kwamba ukuta usio laini kama kioo haujaisha, na ndugu wengi wamekopa kwa ajili ya ulaini huo.

Narudi kwenye ufa wa mshazari. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitikisa mkoa wetu. Watu wasiopungua 17 walifariki. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, na nyumba nyingi mno zilianguka au kupasuka. Nyumba nyingi zilizobaki zimesimama zilizibwa nyufa kwa saruji, zikapigwa skimu, zikapakwa rangi. Leo ukiingia hauoni kitu. Miaka imepita, nyingine zimepangishwa, nyingine zimeuzwa kwa watu ambao hawakuwepo siku ile.

Skimu ya milimita 3 haishiki ukuta uliokatika. Inauficha tu. Kwa hiyo ufa wa kona ya dirisha ukirudi pale pale kila baada ya kuzibwa, usimwite fundi rangi. Kwangua mpaka ulione tofali lenyewe. Angalia kama ufa umepita mpaka upande wa pili. Kama huna hakika kwamba unaendelea, paka donge dogo la saruji juu yake sehemu mbili au tatu, andika tarehe kwa msumari likiwa bichi, uliangalie kwa miezi 3. Donge likikatika, ukuta bado unatembea. Ufa unaoingiza kidole kidogo, au uliopita ukuta mzima, au ukuta uliotoka kwenye timazi, mwone mhandisi wa halmashauri kabla hujatumia shilingi nyingine, na vitanda vya watoto viondoke upande huo leo. Na wewe unayepangisha au kuuza nyumba, mwambie mwenzako ukweli kuhusu ufa ulioufunika. Akijua anaweza kufunga mkanda wa zege au kuhamisha kitanda. Asipojua, analala chini yake.

Kwa wafanyabiashara wa vijijini, nina ombi moja la ukali kidogo. Saruji isikae sakafuni wala isiegemee ukuta. Weka mbao chini, acha nafasi ya mkono kutoka ukutani, funika kwa nailoni, usipange zaidi ya mifuko 10 kwenda juu, na ulioingia kwanza utoke kwanza. Andika tarehe kwa kalamu kwenye mfuko. Kwa hewa ya kando ya ziwa, mfuko uliokaa miezi 3 umeshapoteza sehemu ya nguvu zake. Ukiminya ukakuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usimuuzie mtu wa lipu. Mwambie ukweli, mpunguzie bei, atumie kwa njia ya kupita kwenye banda la kuku. Mteja huyo atarudi. Yule aliyepelekewa mabonge akapasukiwa ukuta atakutangaza mpaka Muleba.

Kama yako imeshapasuka, usifunike juu kwa juu. Palipolia debe, bandua mpaka utakapofika sehemu inayotoa sauti ngumu, na kingo uzikate zisimame wima, zisiwe za kuchongoka. Piga brashi ngumu, osha vumbi. Zege laini ulichokoe kwa patasi. Loanisha jioni na asubuhi. Jaza kwa mchanganyiko wenye nguvu sawa na lipu iliyobaki, si zaidi, kisha siku 7 za maji. Nyufa za utando wa buibui ambazo hazilii zikigongwa ziache zitulie mwezi mmoja, kisha zijazwe kwa puti ya ukutani wakati wa kupaka rangi. Na kama sehemu inayobanduka iko chini kabisa na ina chumvi nyeupe, usianze na ukuta. Toka nje na jembe, ushushe udongo uliorundikana kwenye msingi mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani, chimba mfereji, uache ukuta ukauke kiangazi kizima ndipo umwite fundi.